Mbega wa Mtongwe na Korosho za Mjomba

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nalisema hili mwanzo kabisa ili msomaji ajue yuko na nani. Nimeona mtu akivuka feri na kitanda kichwani, mkewe nyuma na godoro, na mwenye nyumba nyuma ya mke akidai kodi yake, wote watatu wakizungumza kwa adabu. Nimewahi kuiuza pikapu yangu asubuhi na kuinunua tena alasiri, kwa bei ya chini kuliko niliyouzia. Shule niliiacha darasa la nne. Sikufukuzwa. Nilimwona mwalimu wetu akikopa sigara kwa muuza maji, nikafikiri, kumbe afadhali niwe muuza maji.

Na muuza maji nikawa, kule Mishomoroni, kwa mkokoteni wa kukodi. Kisha nikavuka maji nikahamia Likoni, nikauza mkaa, nikaingia kwenye mbao. Miaka ya tisini inaanza nilikuwa na karakana ya mbao karibu na barabara kuu, nyumba ya vyumba sita ya kupangisha, na pikapu ya buluu ambayo kila mtu aliijua kwa honi yake. Vyote hivyo nimevipata kwa mikono hii miwili na mdomo huu mmoja. Mdomo umenipa zaidi kuliko mikono. Ninayoyasimulia hapa ni ya siku ambayo mdomo uliamua kuchukua haki yake.

Nilikuwa nimenunua miti minane. Mibambakofi, mikubwa, ya kutoa milango ya hoteli. Ilikuwa katika kipande cha msitu huko Mtongwe, nyuma ya makaburi ya ukoo wa mke wangu, pale ardhi inaposhuka kwenda kwenye mikoko. Mwenye msitu alikuwa mjomba wa mke wangu, mzee mfupi, kibogoyo, mwenye macho ya mtu anayecheka moyoni. Mjomba alitaka kuezeka nyumba yake kwa mabati. Nilimpa arbuni ya shilingi elfu kumi na mbili, tukakubaliana nitaikata miti mvua ikiisha na kummalizia. Nikachukua rangi nyekundu nikaitia alama, moja mpaka nane, kwa mkono wangu. Nikawapa wapasuaji mbao chao cha kuwashika wasiende kwa mtu mwingine. Tena nikaenda kwa fundi wa milango nikamwambia akae tayari, ukubwa wangu unakuja.

Siku ile ya kutia alama, juu ya mti wa tatu niliwaona mbega. Weusi, na manywele meupe yaliyoning'inia mabegani kama mashehe waliovaa shali. Walinitazama, nikawatazama. Nikawaambia, "Tafuteni nyumba nyingine, hii imeuzwa." Nikarudi zangu kunywa chai.

Wiki mbili baadaye akaja binti mmoja karakanani. Alikuwa mtu wa bara, mwembamba, buti za jeshi, darubini shingoni. Alitaka kukodi pikapu na mwenye kuijua nchi, miezi miwili, malipo kila Ijumaa. Alikuwa akisoma chuo kikuu, akitafuta udaktari usio wa sindano. Kazi yake ilikuwa kuzunguka misitu yote ya upande wetu wa kusini, mmoja mmoja, kuona mbega wamebaki wapi na wangapi, kwa sababu walikuwa wakimalizika na hakuna aliyejua wanamalizika kwa kasi gani. Aliyajua mengi, lakini Kiswahili chake kilitembea na magongo. Alisema "hii mnyama." Sikio langu la pwani lilijikunja, nikamsamehe kwa ajili ya malipo ya Ijumaa.

"Wewe unajua hizi misitu?" akaniuliza.

"Binti yangu," nikamwambia, "mimi misitu hii ndiyo inayonijua."

Nilianza kumwita Daktari siku hiyohiyo. Chuo kilikuwa hakijampa udaktari bado, lakini mimi nilikwisha kumpa, na cha kwangu hakikuwa na mtihani. Yeye aliniita mzee, na mimi nilikuwa sijafika hata arobaini na tano. Nililimeza hilo pia.

Kabla hatujaanza alitoa kitabu cha picha. Kila alipofika, alikuwa akiwaonyesha wenyeji picha hizo na kuwauliza ni yupi wamemwona kwao. Akaanza na mimi. Kulikuwa na nyani, tumbili, kima, komba, na mbega wetu. Nikawataja wote bila kupumua. Kisha akafunua wa mwisho: kinyama kidogo, chenye masharubu meupe marefu yaliyoshuka mpaka kifuani, kama chifu mstaafu.

Ukweli ni kwamba sikuwahi kumwona. Lakini mtu wa aina yangu hasemi sijui mbele ya msomi siku ya kwanza.

"Huyu!" nikasema. "Huyu ni mshenzi. Amenilia mapapai mwaka juzi. Nikamtupia kiatu, na kiatu akaondoka nacho."

"Na kiatu?"

"Cha kulia."

Akaandika. Aliandika muda mrefu, ameinamisha uso. Niliona mabega yake yakitikisika, nikadhani ni baridi.

Nilikuja kuambiwa baada ya siku tatu, tukiwa ndani ya pikapu, tena kwa upole. Yule wa masharubu anaishi Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari mbili. Amewekwa kitabuni ili Daktari ajue nani anasema kweli na nani anasema ili kumfurahisha mgeni. Wengi, akasema, hukubali tu kwa adabu: ndiyo, tumemwona. Mgeni kaja kutoka mbali, utamwambiaje hapana? "Lakini wewe mzee," akasema, "ndio wa kwanza aliyempa kiatu."

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa jibu lako siwezi kuliandika. Kwa hii kazi wewe ni dereva."

Mwenye karakana, mwenye vyumba sita, dereva! Niliendesha kilomita nzima bila kusema neno, jambo ambalo mke wangu aliposimuliwa alilikataa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulitoka alfajiri, kwa sababu mbega wana kawaida ya kupanda juu ya miti kuota jua linapochomoza, na hapo ndipo huonekana. Tulitembea hatua hamsini, tukasimama, tukatazama juu. Hatua hamsini, tukasimama, tukatazama juu. Mtu mzima mwenye biashara zake, anatembea kama anayetafuta sindano angani. Siku ya kwanza nilivaa shati jekundu la maua, nikajipaka atari ya udi, nikaanza kumsimulia nilivyonunua pikapu. Daktari akaniambia mbega wameondoka kabla hatujafika kwa sababu walininusa, wakaniona, na wakanisikia, na hajui ni kipi kilichowakera zaidi. Kuanzia hapo nilivaa shati la kahawia na kufunga mdomo. Shati halikunisumbua.

Wiki ya tano, niseme kweli, nilikuwa nimeanza kuizoea kazi ile. Nilijua kutofautisha dume na jike kwa mbali. Nilijua kwamba mtoto wa mbega huzaliwa mweupe, pe, kama pamba, kisha hugeuka polepole. Kulikuwa na asubuhi tuliingia msitu mzima tusipate hata mmoja, nami nikajikuta nimeudhika, kama niliyekwenda kudai na mwenye deni kahama.

Lakini kila tulipopita njia ya Mtongwe nilikanyaga mafuta.

Jumatano moja wiki ya saba, Daktari alikunjua ramani yake kwenye meza ya mgahawa wetu wa Likoni, kati ya sahani ya mahamri na bakuli la mbaazi. Alikuwa amepaka rangi kila msitu wenye mbega. Rangi zilitoka mpakani kule kusini, zikaja, zikaja, zikakatika mbali na kwetu. Upande wa Mtongwe ulikuwa mweupe. Moyo wangu ukacheka. Mweupe maana yake hakuna mbega, na pasipo mbega hakuna wa kuja kuuliza habari ya miti. Milango yangu niliiona imesimama hotelini, ina nakshi.

"Huku kwenu naandika hakuna," akasema. "Wazee wote niliowauliza wa huku walisema ndiyo kwa kila picha. Hata kwa ile ya masharubu. Siwezi kutegemea."

Mwenye mgahawa, ambaye alikuwa akifuta meza ya jirani, akacheka. "Watu wa Likoni, Daktari? Hawa hawajui mbega na paka."

"Nafikiri hiyo ni kweli," akasema Daktari, bila ubaya. "Watu wa huku hawajui wanyama wao."

Nilipaswa kunyamaza. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi. Kulikuwa na hamri mkononi mwangu. Ningelitia kinywani tu, yote yangepita. Badala yake nikaliweka chini.

"Nani hajui?"

"Si wewe, mzee. Nasema kwa jumla..."

"Mtongwe kuna mbega! Wako juu ya mibambakofi, nyuma ya makaburi ya wakwe zangu, nimewaona kwa macho yangu haya."

"Kama yule wa kiatu?" akasema mwenye mgahawa. Habari ya kiatu ilikuwa imekwisha fika Likoni. Sijui nani aliieneza. Naogopa ni mimi mwenyewe.

Meza zote zikacheka. Nikasimama. "Wallahi, kesho alfajiri nakupeleka. Wasipokuwepo, pikapu hii utaiendesha bure mpaka utakaporudi kwenu!"

Daktari alinitazama, akachukua kalamu, akaweka alama ya kuuliza kwenye ule upande mweupe. Ndipo nikakumbuka kwamba ile ilikuwa miti yangu.

Usiulize kama nilitafuta njia ya kutoka. Nilimwambia pikapu inavuja mafuta. Akasema tutapanda gari la abiria. Nilimwambia mjomba ni mkali. Akaenda mwenyewe jioni ile kumwomba ruhusa, akakaribishwa kwa maji ya madafu. Aliporudi akaniambia mipango imekamilika. Kwa kuwa msitu ule una pande mbili, tutakuwa na wahesabuji wawili. Yeye atakaa upande wa mikoko, mwingine atakaa upande wa makaburi, kila mmoja ataandika anachokiona na saa, kisha watalinganisha ili mbega mmoja asihesabiwe mara mbili.

"Upande wa makaburi niachie mimi," nikasema.

"Upande wa makaburi atahesabu mjomba. Wewe utashika saa."

Akaendelea kueleza jinsi mjomba alivyomwambia atahesabu kwa njia yake ya kizamani, na kwamba ameikubali. Sikusikiliza. Nilikuwa bado kwenye neno saa.

Alfajiri tukafika. Mjomba alikuwa amekwisha tangulia, amevaa kikoi na kofia yake ya kazi, ameketi juu ya jiwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Naambiwa leo u mshika saa."

"Ndiyo, mjomba."

"Kazi nzuri. Saa haitoroki."

Daktari akapita kuelekea mikokoni. Njiani alisimama kwenye shina la mti wa kwanza, akaigusa alama nyekundu kwa kidole. "Hizi nani ameweka?"

"Watu wa ramani, labda," nikasema haraka.

Akamgeukia mjomba. Mjomba akainua uso wake mtulivu. "Muulize mkwe wangu. Yeye anawajua sana watu wa ramani." Daktari akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaenda zake.

Jua likatoka. Mbega wakapanda juu, kimyakimya, wakakaa wamepanua vifua kuelekea mwangaza. Mjomba hakufungua mdomo. Alikuwa na korosho za kukaanga katika pindo la kikoi. Aliivua kofia, kisha kila mara nilimwona akitoa korosho moja, akiitia ndani, akitulia. Baadaye nyingine. Kofia ikawa mapajani mwake kama bakuli. Mimi nikafikiri, haya ni maajabu: kibogoyo anazigawa korosho, anazitoa huku anazitia huku, na hali hata moja. Uzee huu!

Sikuwa nimekunywa chai. Daktari hakuruhusu chai wala mkate, ati harufu.

Baada ya muda mbega wakaanza kushuka na kuingia ndani ya majani. Mjomba akaiweka kofia juu ya jiwe, taratibu, akasema anakwenda kichakani haja ndogo, akaondoka na fimbo yake. Nikabaki na saa mkononi na korosho mbele yangu. Nilikula moja. Zilikuwa zimekaangwa vizuri, zina chumvi. Nikasema mjomba hana meno, ni kumpunguzia mzigo. Nilipomaliza niliikung'uta kofia, nikairudisha juu ya jiwe, hata nikaiweka sawa.

Mjomba akarudi. Akatazama ndani ya kofia. Akaigeuza. Akatazama chini ya jiwe.

"Mkwe. Mbega wangu wako wapi?"

"Wameshuka, mjomba. Wameingia majanini."

"Si hao. Waliokuwa kwenye kofia."

Nilianza kuelewa kutoka miguuni kwenda juu. "Kwenye kofia... zilikuwa korosho, mjomba."

"Zilikuwa mbega." Akaketi. "Kwetu chenye roho hakihesabiwi kwa kinywa, mwanangu. Ukikihesabu, kinapungua. Mama yako hakukufundisha? Nimewahesabu kwa korosho, nimemweleza Daktari, amekubali. Dume nilimtilia korosho kubwa. Wale wenye watoto nikawatilia zilizopasuka mbili. Sasa dume yuko wapi? Kina mama wako wapi?"

Ni kweli. Mama yangu, akiulizwa ana watoto wangapi, hujibu, "Wapo, alhamdulillahi," wala hajawahi kutamka idadi. Nililijua hilo tangu utotoni. Haikunipitia akilini kwamba mbega nao wana mama.

Daktari akatokea mikokoni na daftari lake, uso unang'aa. "Wapo! Mzee, wapo kweli! Upande wangu nimeona sita. Mjomba umepata wangapi?"

"Muulize mkwe wangu," akasema mjomba. "Yuko nao tumboni."

Ikabidi aelezwe. Alijaribu kusimama wima kama msomi, akashindwa, akakaa chini kwenye majani, akacheka mpaka darubini ikamtoka shingoni. "Umekula ngapi, mzee?" akauliza, akijifuta machozi. "Angalau nijue idadi."

"Sikuhesabu."

"Kumbuka tu. Kumi? Kumi na tano?"

"Zilikuwa tamu," nikasema.

"Mwislamu mzima," mjomba akasikitika, akitikisa kichwa, "na nyama ya mbega, kabla ya chai."

Ikawa lazima kurudia kesho yake. Hapo mjomba akasema goti linamuuma, hawezi kusimama tena, na korosho zimekwisha. "Mwache mkwe wangu ahesabu," akamwambia Daktari. "Ana macho mazuri. Mimi nitakaa hapa makaburini nisikilize tu."

Daktari akasita. Kisha akanipa daftari dogo na kalamu. Siwezi kukueleza furaha ile. Wiki saba nimekuwa dereva, na mshika saa, na mla takwimu. Sasa nimekuwa mhesabuji. Nilisahau miti. Nasema kweli, nilisahau kabisa kwamba kila mbega nitakayemhesabu ni msumari kwenye milango yangu mwenyewe. Nilisimama kwenye nafasi yangu nikafungua macho kama bundi.

Wakapanda. Sauti za watu makaburini wamezizoea, hawakukimbia, nami niliwahesabu kwa kidole, kwa sauti, kama kondakta, kwa sababu mimi bila sauti siwezi hata kujumlisha. Mmoja, dume, yule pale. Wawili. Watatu, wanne. Juu ya mti wenye alama yangu ya tatu, jike mmoja alikuwa amekaa kwenye tawi, na kifuani mwake kulikuwa na kitu cheupe. Nilidhani ni manyoya yake. Kikainua kichwa. Kilikuwa kitoto cha siku chache, uso wa waridi, kimeshika nywele za mama yake kwa viganja viwili. Jike mwingine akaja akanyoosha mkono, mama akampa mtoto, yule naye akampakata, kama wanawake wetu wanavyopokezana mtoto kwenye arobaini. Chini yao, kwenye shina, namba tatu yangu nyekundu, kubwa, imepinda kidogo, kwa sababu tatu ndiyo namba ambayo sikuwahi kuiweza shuleni.

Nilikaa nikitazama mpaka kalamu ikanidondoka.

"Kumi na mmoja!" nikapiga kelele. "Daktari! Kumi na mmoja, na mtoto mweupe!"

Mjomba akaita kutoka makaburini. "Umesema wangapi, mkwe?"

"Kumi na mmoja, mjomba!"

"Masikio yangu haya... wangapi?"

"Kumi na mmoja!"

"Na mtoto yumo?"

"Yumo! Kumi na mmoja na yeye!"

"Umenijibu mara tatu," akasema mjomba, na sauti yake ikawa imepona goti na kila kitu. "Alhamdulillahi. Njoo hapa uketi."

Nikaenda nikaketi, natoka jasho la ushindi. Akaniwekea mkono begani.

"Kwetu, mkwe wangu, anayehesabu kwa kinywa chake ndiye mchungaji. Ukiwahesabu mbuzi wa jirani kwa sauti, mmoja akipotea, unaulizwa wewe. Ndiyo maana mimi nina korosho. Sasa umehesabu mara tatu, mbele ya wazee wote hawa waliolala hapa, na mtoto ukamtia. Kuanzia leo wale kumi na mmoja ni wako. Akipungua mmoja, wewe ndiye utakayejibu."

"Mjomba," nikasema, "na miti yangu?"

"Ikate," akasema. "Miti ni yako, umeilipia arbuni. Lakini wakishuka watakwenda wapi, mchungaji? Tafuta pa kuwapeleka kwanza, uwafikishe wote kumi na mmoja, kisha lete shoka."

"Basi nirudishie arbuni yangu."

Akaonyesha kwa kidevu kule nyumbani kwake. Mabati mapya yalikuwa yakimetameta juani, yamegongomewa misumari mpaka mwisho. "Arbuni yako ile pale. Panda uing'oe. Ila mke wangu yuko chini anapika."

Mpaka leo sijui. Sijui kama desturi ile ni ya kweli kiasi hicho, au mzee alikuwa ameanza kujuta kuuza kivuli cha wazee wake na akanitafutia kamba ya kunifunga, na mimi nikamletea shingo. Goti lake halikumsumbua tena mwaka ule wote. Nimemuuliza mke wangu. Alisema, "Mjomba hasemi uongo," kisha akaingia jikoni kucheka.

Ningeweza kukata. Sheria ilikuwa upande wangu, na wapasuaji walikuwa wakipita kila siku kuuliza. Lakini jioni ileile, kabla ya kufikiri, nilikuwa nimekwisha pita barazani kwa wanywa kahawa nikawatangazia: kumi na mmoja, nimewahesabu mimi, wamo kwenye ramani, na yule aliyesema hatujui mbega na paka aje hapa. Nilitaja mpaka mtoto mweupe. Kesho yake watu waliponisalimia hawakuniuliza habari ya mke wangu wala ya watoto. Waliuliza, "Mbega wako hawajambo?" Mwenye mgahawa aliniuliza kama yule mdogo ameanza kuota meno. Utaikataje miti hapo?

Tena kulikuwa na jambo la Daktari. Ijumaa ya mwisho alipokuja kunilipa alikunjua ramani, na pale Mtongwe palikuwa pamepakwa rangi, kidogo, kama ukucha. Pembeni ameandika kumi na mmoja. "Hii ni hesabu yako," akasema. "Nimeiandika kama ulivyosema, wale sita wangu wamo humohumo. Zile alama nyekundu sijaziandika."

Nikamwambia asante. Akasema, "Mzee, ulijua kwamba ni miti yako, na bado ukanipeleka." Aliniona mtu mwema. Nilifungua mdomo nimweleze kwamba haukuwa wema, ulikuwa ubishi wa mahamri. Mdomo huu, ambao haujawahi kunitii, ukajifunga wenyewe siku ile ya pekee.

Nilinunua kopo la rangi ya kahawia nikazifuta namba zangu, moja mpaka nane. Mara mojamoja nilikuwa nikipita alfajiri, njiani kwenda Mtongwe kununua samaki, ingawa samaki wapo Likoni. Niliwahesabu kwa korosho, kimya. Yule mweupe alipoanza kugeuka mweusi nilimtafuta asubuhi nzima nikadhani nimempoteza, na mjomba ningemjibu nini?

Basi wewe unayeanza maisha na una mdomo kama wangu, hii hapa gharama yake. Arbuni ya miti, elfu kumi na mbili, ambayo iko juu ya nyumba ya mjomba na haivuji. Cha wapasuaji mbao, elfu mbili, ambacho hawakurudisha. Kaniki, ubani, maji ya waridi na halua ya sadaka ya makaburini, kwa kosa la kuhesabu chenye roho kwa kinywa, mia sita na arobaini. Yote pamoja na shilingi tano za korosho alizonidai mjomba, shilingi elfu kumi na nne, mia sita na arobaini na tano.